Kucha za Dada

Dada yangu,

Shikamoo. Mama hajambo, ila jana alichungulia chumbani akauliza, "Hilo ni gitaa la umeme au paka kabanwa na mlango?"

Nimechoka, dada. Ile sehemu ya kugonga nyuzi kwa mikono yote miwili imenishinda. Kidole cha kulia kinagonga, vya kushoto vinapokea, na sauti zinatakiwa zimwagike mfululizo kama maji. Zangu zinakohoa. Nimekuuliza zaidi ya mara moja wewe huwa unafanyaje, nawe unanijibu habari za makochi mapya na safari za shemeji.

Kisha ukatuma ile picha. Mama akaisifu: "Mwanangu kapendeza, tazama kucha!" Nikazitazama. Ndefu, nyekundu, hata za mkono wa kushoto. Dada, si wewe uliyenikata kucha mpaka nikalia, ukisema mwenye kucha hawezi kubana uzi?

Mpiga ngoma wetu kauliza tena, "Mkubwa wako anarudi lini kwenye bendi? Au tunajidanganya?" Nikamwambia utarudi, aniache. Wimbo ni wa magitaa mawili. Ikifika zamu yako nanyamaza, wote wananitazama, halafu naendelea.

Kama umekatazwa, sema. Kama umeacha mwenyewe, sema pia. Nitakasirika, kisha yataisha. Lakini niambie, ili nianze kujifunza na sehemu yako.

Mdogo wako,
mwenye malengelenge vidoleni