Kutu kwenye plastiki

Wee, kuna jamaa nisiyemjua amebisha geti. Anadai bodi ya nyuma ya pikapu ya mjomba lazima ipuliziwe mpira wa kuikinga, eti imeanza kushika kutu.

Kutu. Na bodi yenyewe ni ya plastiki ngumu.

Akanionyesha kidole chekundu, eti ndiyo kutu yenyewe. Naapa kilikuwa chekundu kabla hajagusa gari.

Nikamwambia, "Kaka, plastiki haishiki kutu."

"Hii inashika kwa ndani, msomi."

Kwa ndani, jamani.

Kisha akanipa kadi ya kampuni yao, akanong'ona: nikimshawishi mjomba, Jumatatu naanza kazi kwao. Na unajua nimetafuta kazi mwaka mzima.

Lakini mjomba aliponiachia gari, nilimwahidi nitalikagua na kumwambia ukweli. Tena yeye hubeba magodoro tu, hayakwaruzi bodi.

Nimemwandikia palepale, "Haihitaji, mjomba." Jamaa kachungulia simu yangu, kasoma, kachukua kadi yake.