Matundu ya Kayaki

Jumatatu, 3 Machi

Shahada ya falsafa, daraja la kwanza — na leo nimefundishwa kukaa. Kukaa! Juu ya kayaki, kimtumbwi cha plastiki, kwenye bwawa lisilo na hata kiwimbi. Shangazi, anayefua mashuka katika nyumba ya wageni iliyo kando ya bwawa, ndiye aliyembembeleza meneja anifikirie kwa kazi ya kuongoza wageni majini. Nafasi ni moja. Tunaojifunza ni wawili. Mwenzangu ni mama mmoja, fundi cherehani aliyefunga kibanda kwa kukosa wateja. Mtihani ni Jumamosi: kujipindua penye kina, kuigeuza kayaki, kupanda tena bila msaada.

Kocha wetu aliniagiza nikaze mikanda ya jaketi la kuokolea. Nikaanza kumweleza sababu za vitu kuelea. Akanikata: "Msomi, kaza kwanza. Tutabishana ukiwa hai."

Jumanne, 4 Machi

Kuanguka, mara tisa. Kupanda — sifuri. Jaketi, ambalo niliona si lazima kulikaza, lilinipanda hadi masikioni nikawa kama kobe. Kocha ana kanuni yake: tumbo, tako, miguu. Unalala kifudifudi kukatiza kayaki, unajigeuza ukae, ndipo unaingiza miguu. Nilimwambia hiyo si kanuni, ni orodha. Fundi alipanda mara ya pili tu, akicheka: "Kaka, usiikwee kama ukuta! Piga mateke, uteleze!"

Jumatano, 5 Machi

Sifuri. Shangazi aliuliza, nikamjibu kwamba nimeweza. Sijui kwa nini. Najua — kiburi. Ameshamwambia meneja.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike kama ilivyotokea. Sakafu ya kayaki ina matundu, na maji hupenya humo yakaloanisha makalio. Nikahitimisha, kwa mantiki niliyoiona haina dosari, kwamba chombo chenye tundu ni chombo kibovu. Kocha alipokwenda kunywa chai nikayaziba ya kwangu kwa vipande vya sponji. Nikaziba na ya Fundi. Alisita: "Una hakika, kaka?" Nikamjibu kwa hotuba. "Haya, wewe ndiye uliyesoma."

Kumbe kazi ya matundu yale ni kutoa maji! Mimi nilikuwa bado gatini. Fundi alijipindua katikati ya bwawa kwa mazoezi, akaigeuza kayaki, akapanda vizuri — lakini pa kukalia pamejaa maji yasiyo na pa kutokea. Yakakimbilia upande mmoja, ikambwaga. Akapanda tena, ikambwaga tena. Mara nne. Kocha alimvuta hadi ukingoni akiwa anatapika maji.

"Nani ameziba?" Kocha aliuliza, sponji mkononi.

Nilifungua mdomo. Fundi akaniwahi: "Mimi."

Baadaye alininong'oneza: "Mimi anajua naweza. Wewe angekufukuza leo hii."

Sikusema kitu. Mimi!

Ijumaa, 7 Machi

Kocha amemfuta Fundi kwenye mtihani. Anayechezea vifaa bila kuuliza, asema, hakabidhiwi roho za watu. Nimebaki peke yangu. Shangazi alipiga vigelegele pale pale penye mabeseni. Nimejaribu mara sita zaidi. Sifuri. Nimejijengea hoja tano za kuhalalisha ukimya wangu. Zote zimesimama imara, na hakuna hata moja ninayoiamini.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa gatini, daftari juu ya goti. Meneja amefika. Shangazi ameacha mashuka, mikono bado ina povu. Namsikia akimhakikishia meneja kwamba napanda vizuri tangu Jumatano. Fundi amekuja kurudisha jaketi alilopewa. Sauti imemkauka tangu juzi. Hakunilaumu — afadhali angenitukana! Amesema tu: "Watoto nimewaambia wakuombee, kaka." Kisha akakaa kwenye benchi, hatua mbili kutoka hapa, anitazame.

Maji yametulia kama sakafu iliyopigwa deki. Kocha ameshaingia na kayaki yake, ananisubiri penye kina. Anapaza sauti, huku akicheka, akiuliza kama msomi ana la kubisha kabla hatujaanza.

Wote wamenigeukia.

Nimejibu kwamba sina.