Gauni la Wifi

Chumba cha Cherehani,
Juu ya Duka la Vioo.
Jumanne, 11 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hamjambo huko? Goti la shemeji linaendeleaje, na wale mapacha wameacha kung'atana? Sisi tu wazima, ila mimi mzima wa nusunusu.

Sindano za kutafuta mtoto bado nachomwa. Tumbo limekuwa kama kile kimto changu cha kuchomekea pini. Mwezi uliopita daktari alinipima damu, akakuta homoni ya msongo wa mawazo iko juu mno. Akasema hakuna ajuaye kwa hakika kama hiyo inazuia mimba, ila yeye hapandikizi yai mwili ukiwa vitani. Akaniuliza nyumbani kuna nini. Nikamjibu kuna wifi.

Si unamjua dada wa mume wangu? Tangu ahamie kwetu, kazi yake ni kukaa mlangoni pangu na kuwaambia wateja kuwa nashonea watoto wa wenzangu kwa sababu wangu wamekataa kuja. Mume wangu ananiambia nimzoee tu. Nimemzoea mpaka usingizi ukanihama.

Lakini za mwizi ni arobaini. Wifi akapata mchumba, akaniletea kitambaa nimshonee gauni la harusi. Nikampima. Alipokuja kujaribu, kiuno kilikuwa kimeongezeka ilhali uso umekonda, na asubuhi hiyo nilimsikia akitapika bafuni. Fundi haambiwi, anaona mwenyewe. Nikakunja futi yangu.

Sisi mafundi huacha kitambaa kidogo ndani ya mshono, ili nguo ikibana iachiwe. Lake sikuliachia hata uzi. Nililishona kwa kipimo kile cha kwanza, nikapunguza kingo zote, na vipande nikavitia jikoni vikaungua.

Jumamosi ndiyo ilikuwa harusi. Zipu ilifika katikati ya mgongo ikagoma. Mama mkwe akavuta, mashangazi wakavuta, mwisho wakaacha kuvuta wakaanza kutazamana. Wifi akanigeukia, machozi yanamlenga.

"Wifi yangu, achia kidogo tu."

"Kisichokuwepo hakiachiwi, wifi."

Dada, utamu ule niliusikia mpaka kwenye visigino. Bibi harusi alitoka kafunikwa mtandio mgongoni, na kila mtu alijua kwa nini.

Jana nikaenda kupimwa nikitembea kwa madaha, maana adui kaaibika na kaondoka. Homoni imepanda kuliko mara ya kwanza. Tangu harusi sijalala, nairudia ile zipu kichwani na kucheka peke yangu, nikimaliza kucheka nauona uso wake. Daktari kaahirisha kupandikiza. Akaniuliza tena nyumbani kuna nini, na safari hii wifi hayupo tena.

Sikufichi, sijajuta. Aliyoyasema mlangoni pangu bado yananiuma. Ila wa kwake atazaliwa kabla ya wangu, na leo asubuhi mama mkwe kaniletea kitambaa laini cha nguo za kichanga. Kiko hapa mezani, mkasi uko juu yake.

Nisalimie shemeji, mapacha, na yule binamu yetu fundi saa. Mungu awalinde na awape riziki ya halali. Mimi niombee usingizi kwanza, mtoto baadaye.

Mdogo wako akupendaye,
Kitinda mimba