Ufunguo wa Nyumba Nyeupe

Ness, Kisiwa cha Lewis,
Machi 9, 1926.

Mpendwa mpwa wangu Torquil,

Salamu kwako, kwa mkeo Effie na kwa mtoto. Kikohozi chake kimeisha? Sisi huku hatujambo. Mama yako anatembea na kugomba kama kawaida. Mimi bado nabeba makapu ya samaki yanayowashinda vijana watatu. Juzi mmoja wao alilia.

Barua yako tumeisoma. Unasema bado mnaishi kwenye kibanda cha udongo huko Kanada, nyumba nyeupe hujaiona, na unajiuliza umekosea wapi.

Torquil, hujakosea.

Alhamisi iliyopita sinema ya serikali, ya kuwaita watu Kanada, ilirudi hapa shuleni. Unakumbuka mara ya kwanza? Picha hazisemi, maandishi ni ya Kiingereza, na watu wetu wanajua Kigaeli. Nikasimama niwasomee. Nani mwingine? Glasgow, mji wa Kiingereza, nimefika mara tatu, ukihesabu ile niliyorudia njiani. Lakini maandishi yalipita mbio kama sungura. Nikikamata neno moja, mengine najazia. Ilipotokea nyumba nyeupe nikatangaza, "Hii inamngoja mgeni, ufunguo uko mlangoni!" Makofi! Na wewe ulipiga kuliko wote.

Safari hii alitusomea Seonag, binti wa mwalimu. Ilipofika nyumba ile akasema, "Mwenyewe aliijenga baada ya miaka kumi na minane ya kazi."

Mzee Coinneach akaangua kicheko: "Ehe, Murdo, na ufunguo je?"

Mama yako hakucheka. "Kaka, mwanangu anajiona mzembe kwa sababu ya mdomo wako. Mwandikie. Na usitie chumvi."

Basi hii haina chumvi. Biblia ya Kigaeli nasoma. Kiingereza kile kilinishinda, nikaona haya kusema. Wewe una miaka mitatu tu huko, na kisima umeshachimba. Msomee Effie barua hii yote, hata hapa paliponiaibisha.

Mkitaka kurudi, chumba changu ni chenu. Mimi nitalala upande wa ng'ombe. Mkibaki, na siku moja mkaijenga hiyo nyumba, usimwambie mtu kwamba ni mimi niliyekupa ufunguo.

Mama yako na Coinneach wanawasalimu sana. Mungu awalindie ngano yenu na kifua cha mtoto.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye na kukuomba radhi,
Murdo