Fomu Arobaini za Kilwa

Bel-Air, Lubumbashi, 9 Februari 2025

Baba yangu mpenzi,

Jambo sana. Afya yako je, na lile goti? Mimi na dada yako Tante Madeleine tuko wazima, tunapigana na matope tu. Kifo cha Mama Chishimba bado kinaniuma. Ndiye aliyenifundisha kukausha samaki, na sikuja kumzika.

Baba, naogopa. Kila mwaka, mwisho wa mwezi wa tano, mwanafunzi wa doctorat, shahada ya uzamivu, anaandika ripoti: uliahidi nini, umetimiza nini, mwaka ujao utafanya nini. Niliahidi kuhoji wanawake sitini wanaokausha samaki huko kwetu Kilwa, kando ya ziwa. Nimehoji ishirini. Anayekosa lengo mara mbili anafutwa, na mimi nilishakosa mara moja.

Lori la kuja huko linachukua siku nane kwa mvua hii, na siwezi kuacha wanafunzi ninaowafundisha. Nakutumia fomu arobaini kwa mkono wa Franck, dereva, pamoja na orodha ya majina niliyoiandika mwaka juzi. Niulizie, tafadhali. Wewe ulikuwa mwalimu wao wote.

Binti yako,
Séphora

*

Kilwa, 20 Mei 2025

Mwanangu Séphora,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi nina nguvu, ila goti linaamka kabla yangu. Fomu zako hizi, zote arobaini. Wamama wamejibu vizuri na wanakusalimu sana.

Andika ripoti yako bila hofu. Nimefundisha miaka thelathini na minne, sijaona mtoto anayeogopa mtihani kama wewe, na kila mara unapita. Kula vizuri.

Baba yako

*

Bel-Air, 17 Juni 2025

Baba,

Jambo. Natumaini u mzima. Mimi silali.

Fomu zilifika siku tatu kabla ya mwisho. Nilizihesabu, nikaingiza alama za ndiyo na hapana kwenye kompyuta, nikapeleka ripoti. Maelezo yenyewe sikuyasoma. Kamati ya chuo ilinisifu. Profesa Kabwe, msimamizi wangu, alisema: "Séphora, hii kazi iko muzuri sana. Mu mwezi wa munane tutaenda wote Kilwa, nione bale bamama."

Jana ndipo nilipozisoma. Fomu ya thelathini na moja ni ya Mama Chishimba, tarehe 11 Aprili. Baba, mama huyo alizikwa kabla ya Noeli. Na wengine wengi wanasema "hasara husababishwa na unyevunyevu". Nani kwenye vichanja vya samaki anaongea hivyo? Hayo ni maneno yako ya darasani.

Niambie nimekosea. Nakuomba.

Séphora

*

Kilwa, 20 Julai 2025

Mwanangu,

Salamu. Goti si habari tena. Nimechelewa kujibu kwa aibu.

Nilifika nyumba ishirini na tatu. Kisha maji yakafunga njia ya mtaa wa chini, na Franck alikuwa tayari anawasha lori. Kumi na saba zilizobaki nilizijaza mwenyewe, mezani kwangu. Nilidhani najua wangesema nini. Mama Chishimba alikuwa kwenye orodha yako. Kumruka niliona kama kumzika mara ya pili. Nilikuogopea, mwanangu.

Lakini tulia. Maji yamepungua, na nimeshapita kwa wote kumi na sita walio hai. Profesa akija, watasema walijibu. Mama Katongo aliniambia: "Mwalimu, ule mutoto iko wetu. Tutasema vile unapenda." Kila Jumapili baada ya misa wanafanya mazoezi ya majibu. Wewe nyamaza tu.

Baba yako

*

Bel-Air, 4 Agosti 2025

Baba yangu,

Salamu, na pole kwa goti. Barua yako ilinitisha kuliko fomu zenyewe. Wamama kumi na sita, watu wazima, wanajifunza kusema uongo kwa ajili yangu!

Nilikwenda kwa Profesa. Nilisimama mlangoni mpaka mtu akanifungulia. Nilimwambia fomu kumi na saba ni za uongo, na kwamba nilizipeleka bila kuzisoma. Akauliza: "Nani alizijaza?" Nikasema ni mimi. Siku ileile niliyokwenda kuacha uongo, Baba, nikaongeza mwingine. Akanisogezea kalamu: "Andika mustari moya tu." Nikaandika. Akalinganisha na fomu, akasema: "Huu mwandiko haiko wako." Nililia, lakini jina lako sikulitaja.

Kamati itakaa tarehe 29. Sijui kama nitapewa mwaka mwingine. Nina hofu hata ya kufungua simu. Waambie wamama waache mazoezi.

Binti yako

*

Kilwa, 14 Septemba 2025

Séphora mwanangu,

Nakusalimu. Tarehe 29 imepita. Franck amefika mara mbili bila barua yako, na mimi naogopa kumuuliza amesikia nini huko.

Mtaa wa chini umekauka kabisa. Nimechora fomu kumi na sita kwa rula, kama ulivyozipanga, na leo nimeanza kwa Mama Katongo. Aliniuliza: "Mwalimu, kama balimufukuza mutoto, haya maulizo iko ya nini tena?" Nikamsomea swali la kwanza.

Mwanangu, jibu lake halikuwa hata karibu na lile nililoandika.

Baba yako