Plasta Nyuma ya Simu

Kariakoo, Jumapili 14/11/2004

Mpenzi Winifrida,

Hujambo huko Rombo? Mimi mzima, mgongo tu. Wiki hii tumeshusha kontena mbili za vitenge.

Nakwambia mwenyewe kabla dada yako Caroline hajakwambia. Ile meseji yako watu wameisoma.

Chumbani kwangu umeme hakuna, simu nachajisha kibandani. Makuli wote tunabandika plasta nyuma ya simu, tunaandika jina na namba ya siri tusisahau. Juzi nimeenda kuichukua, nikakuta wenzangu wameifungua, wanasoma kwa sauti: "Nikija nitakukanda mgongo mpaka ulale."

"Mzee Heriel, shikamoo!" mmoja akasema. "Na mimi mgongo unauma. Shemeji anakuja lini?"

Caroline alikuwa hapo hapo, ananunua vocha. Mimi nikacheka nao. Halafu nikaenda nyuma ya magunia, nikakaa.

Kosa langu. Maneno yale ulinipa mimi peke yangu, nikayaacha kibandani. Tangu mke wangu afe, miaka sita, hakuna mtu kaniambia kitu kama kile. Nilikuwa nayasoma kila nikitua mzigo.

Usione aibu ukaacha kuniandikia. Nakuomba.

Plasta nimebandua, namba nimebadilisha. Siiandiki popote, hata hapa. Ni tarehe ile mvua ilitukuta Mchikichini, ukanifunika na kanga yako. Nikiisahau hiyo, basi simu na ijifunge.

Ni mimi wako,
Heriel