Kipimo cha Mto Kinachokutafuta

Komredi Bwambale, uliyehamia kambi isiyo na kura wala upinzani, pokea salamu za wapiganaji uliowaacha Bwera.

Nianze na taarifa, kwa kuwa taarifa ndiyo inayonishinda. Kile kipimo ulichokifunga chini ya daraja, ili mto ukipanda watu wa bondeni wapate ujumbe kwenye simu kabla maji hayajawafikia, kimenyamaza. Mtandao ulikatika siku za uchaguzi, kisha ukarudi. Simu zote zimerudi. Kasese yote imerudi. Kipimo chako hakikurudi, na mlimani mvua imeanza.

Nilikifanyia yote uliyonifundisha. Nilikizima, nikasubiri, nikakiwasha. Nilibadilisha betri. Niligeuza antena ielekee duka la Hajati, kinakopata mtandao. Taa ya njano iliendelea kupepesa. Nikafungua kifuniko, na kwenye kioo chake kidogo nikakuta maneno: "Inatafuta BWAMBALE."

Nilirudisha kifuniko. Mimi, niliyewahi kuwahutubia askari waliokuja kututawanya chuoni, nilikaa juu ya jiwe nisijue nilie au nicheke. Hata mimi nakutafuta, tena kwa njia zisizo na akili kuliko hiyo: bado napiga namba yako ili niambiwe haipatikani.

Ilinichukua muda kukumbuka kwamba hilo ndilo jina uliloupa mtandao wa duka, na kwamba kipimo hakijui jina jingine. Mtandao ulipokatika, Hajati alidhani ruta yake ya intaneti imeharibika. Akaipeleka kwa fundi wa Kinyamaseke, naye akafuta kila kitu. Ilipotakiwa kupewa jina upya, Hajati akakataa kulirudisha lako.

"Mutu tumemuzika," aliniambia. "Kila mutu akifungua simu aone jina yake? Muache mutoto wa watu apumuzike."

Nikamhutubia, Komredi. Nilizungumzia wajibu wa walio hai, haki ya wanaolala kando ya mto, usaliti wa ukimya. Aliniongezea chai. Nilikuwa nimefikia kilele cha hoja yangu alipoingia mteja akiulizia sukari, na Hajati, bila kugeuka, akamjibu: "Bwambale, sukari iko pale pale."

Yule ni mtoto wa pili wa kiume wa jirani yake, kama ulivyokuwa wa pili kwenu, na jina hilo hupewa mtoto wa pili wa kiume katika kila nyumba yetu ya Wakonzo. Hajati alimtazama akipima sukari yake, akanisukumia ruta.

"Andika," akasema. "Lakini hii si ya yule. Ni ya hawa wamebakia."

Nikaandika, pamoja na nywila ile ile ya zamani. Kutoka mlangoni niliiona taa ya kipimo ikigeuka kijani kabla chai yangu haijapoa. Bondeni simu zimeanza tena kupokea ujumbe wa mto.

Sijui kama nimekitengeneza au nimekidanganya. Chenyewe kimeacha kutafuta. Mimi bado.

Lala salama, Komredi. Naahidi kwamba maji hayatawakuta watu wetu bila habari maadamu nina miguu ya kufika darajani. Tunakutana hapo Jumamosi, saa tatu asubuhi, kukisafisha. Majina ya wapiganaji yatasomwa kama kawaida. Likifika lako, nitasema umeomba udhuru.

Biira